Kuondoka Salama DFW na Houston: Mwongozo kwa Rubani Mgeni

Uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, ambao marubani huuita DFW, una njia saba za kurukia na kutua, minara mitatu ya kuongozea ndege na eneo la takriban kilomita za mraba 70. Ukitoka Nairobi, ambako uwanja wa Jomo Kenyatta hutumia njia moja kwa ndege zinazotua na zinazoondoka, kitakachokutisha kwanza ni ukubwa wa mahali. Ukubwa utauzoea upesi. Kinachohitaji mafunzo ni ukaribu. Mbele yako kuna ndege iliyoondoka sekunde chache zilizopita, nyuma yako inakuja nyingine, na ng'ambo ya majengo ya abiria yupo mwenzako anayepaa dakika ileile unayopaa wewe.

Namwandikia kijana wa Afrika Mashariki aliyekuja Texas kusomea urubani, au aliyepata kazi karibuni na sasa anakaa kiti cha kulia. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: nafasi inayokutenga na wenzako hutengenezwa magurudumu yako yakiwa bado ardhini. Mwongoza ndege huipanga akiwa mnarani, nawe huipokea pamoja na ruhusa unayoirudia redioni. Ukishapaa, kazi yako kubwa ni kutoivunja.

Hesabu ya nafasi

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini sauti ya mwongoza ndege hubadilika ukichelewa kukata kona. Maili zote hapa ni maili za baharini, na mwendo ni wa fundo.

Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, zinasema jeti kubwa isianze kukimbia njiani mpaka iliyotangulia iwe imepaa na kuvuka mwisho wa njia, au imeshakata kona kuipisha, au iwe hewani na umbali wa angalau futi 6,000 kati yao. Futi 6,000 ni pungufu kidogo ya maili moja. Baada ya hapo, katika eneo la rada ya uwanja, ndege mbili zinatakiwa kuachana kwa maili 3 au kwa kimo cha futi 1,000.

Sasa tuseme mwenzako amekutangulia kwa sekunde 40. Kwa mwendo wa fundo 180 ndege hula maili 3 kila dakika, kwa hiyo sekunde hizo 40 ni maili 2. Zinazotakiwa ni 3. Umewezaje basi kuruhusiwa kuruka? Umeruhusiwa kwa sababu kanuni inasema kwamba mielekeo ya ndege hizo ikiachana kwa nyuzi 15 au zaidi mara tu baada ya kupaa, maili 1 inatosha. Viwanja vingine, kwa njia zilizochorwa kwa ajili ya kompyuta za ndege, vimeruhusiwa kushuka hadi nyuzi 10. Atlanta ilianza hivyo mwaka 2011. Msingi haubadiliki: kona ndiyo inayohalalisha ukaribu wenu.

Ukiruka maili 4 kwenye mwelekeo ulioachana na wa mwenzako kwa nyuzi 15, unakuwa kando ya mstari wake kwa takriban maili 1. Ukisahau kukata kona, kwa sababu ulikuwa unashughulika na orodha ya ukaguzi au unamsikiliza mhudumu wa abiria, unabaki kwenye mstari wake huohuo, maili 2 nyuma, na hakuna kanuni inayokuhalalisha kuwa hapo. Kama aliye mbele ni ndege ya panga boi isiyo na haraka, nawe jeti yako imeshafika fundo 250, ambao ndio ukomo wa mwendo chini ya futi 10,000 nchini Marekani, unamkaribia kwa zaidi ya maili moja kila dakika. Ndiyo maana kona ya kwanza haiahirishwi. Shughuli nyingine zote zitasubiri.

Kabla ya kuingia njiani

Siku nyingi upepo wa Texas hutoka kusini, na DFW huruka kuelekea kusini. Njia za ndani, 17R na 18L, ndizo hasa za kuondokea; za nje hupokea zinazotua. Majengo ya abiria yako katikati. Usishangae ukiwa umeegesha upande wa magharibi kisha ukatumwa upande wa mashariki, kwani mara nyingi njia hugawanywa kwa kuangalia unakokwenda, ili walioruka pamoja wasije wakakatishana angani. Anga ya pale imepangwa kwa muda mrefu kwa mtindo wa pembe nne: wanaokuja huingilia kwenye pembe, wanaoondoka hutokea katikati ya pande.

Hatari huanza njia inapobadilishwa dakika ya mwisho. Umeandaa kompyuta ya safari kwa 17R, halafu unaambiwa nenda 18L. Jina la utaratibu wa kuondoka linaweza kubaki lilelile, lakini kituo cha kwanza, yaani nukta ya ramani unayoielekea baada ya kupaa, si kilekile. Simamisha kila kitu. Mmoja abadilishe, mwingine asome kwenye ramani kwa sauti: njia, kituo cha kwanza, mwelekeo, kimo cha kwanza. Kama muda hautoshi, sema redioni kwamba hujawa tayari. Utapoteza nafasi yako kwenye foleni, na hilo ni jambo dogo.

DFW ilianza kutumia taratibu za kuondoka za kompyuta mwaka 2005, na Septemba 2014 anga ya Texas Kaskazini yote ilipangwa upya. Ya Houston ilikuwa imetangulia Mei mwaka huohuo. Kwa taratibu hizo, mwongoza ndege anapokupa ruhusa ya kuruka anaweza kukutajia kituo chako cha kwanza. Hakitaji kwa mazoea. Anakupa nafasi ya mwisho ya kulinganisha anachokiona yeye na kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta yako. Macho yawe kwenye kioo wakati anasema, na jibu lako litaje kituo hicho pamoja na njia. Majina yasipolingana, usisogee.

Zingatia sana agizo la kuingia njiani na kusubiri. Hadi Septemba 2010 Marekani ilikuwa na maneno yake kwa agizo hilo, kisha ikakubali yale yanayotumika duniani kote, kwa hiyo uliyoyasoma Nairobi au Soroti, Uganda, ndiyo utakayoyasikia. Agizo hili halikupi ruhusa ya kuruka. Tarehe 24 Oktoba 2023, kwenye uwanja wa William P. Hobby jijini Houston, jeti ndogo aina ya Hawker iliambiwa iingie njia ya 22 isubiri. Ikaanza kukimbia bila kuruhusiwa kuruka. Wakati huo jeti nyingine ndogo, Citation Mustang, ilikuwa inatua njia ya 13R, ambayo hukatishana na ile ya 22. Ncha ya bawa la Hawker ikagonga mkia wa Citation. Hakuna aliyeumia. Marubani wa Hawker waliwaeleza wachunguzi kwamba waliamini wamesikia ruhusa.

Watu wazoefu, masikio mazima, na bado wakasikia walichokuwa wanakitarajia. Dawa yake ni ya watu wawili. Kabla ya kusukuma mikono ya injini, muulize mwenzako: tumeruhusiwa kuruka? Jibu litoke kwa wote wawili. Mkitofautiana hata kidogo, ulizeni mnara. Na kama njia yako inakatishana na nyingine, kama zilivyo za Hobby, angalia kushoto na kulia mpaka makutano, kisha tena.

Kuna pia ruhusa unayoweza kuikataa. Asubuhi ya tarehe 4 Februari 2023 uwanja wa Austin, ulio hapahapa Texas, ulikuwa umefunikwa na ukungu. Boeing 767 ya mizigo ilikuwa imeruhusiwa kutua njia ya 18L. Boeing 737 ya abiria nayo ikaruhusiwa kuruka kutoka njia hiyohiyo, na ikaambiwa kwamba kuna ndege maili 3 nyuma inayokuja kutua. Ile ya abiria ilichukua muda kuzungusha injini kwa sababu ya baridi, bila kuuambia mnara. Marubani wa 767 waligundua wakapaa tena. Ndege zile zilipishana kwa chini ya futi 200. Ukiambiwa kuna mtu maili 3 nyuma, piga hesabu: kwa mwendo wake wa kutua unabakiwa na dakika moja na ushei. Kama injini zako zinahitaji sekunde za ziada, ziombe ukiwa nje ya njia.

Nyuma ya ndege nzito

Hapa nitakaa kidogo, maana ardhi hii ina historia yake. Kusini tu mwa DFW palikuwa na uwanja ulioitwa Greater Southwest. Tarehe 30 Mei 1972 DC-9 ya mafunzo ilikuja kutua pale nyuma ya DC-10. Ilikutana na vimbunga vya mabawa, yaani mizunguko miwili ya hewa ambayo kila ndege huiacha nyuma inapobebwa na mabawa yake, ikalala ubavu, ikagonga ardhi. Watu wote wanne waliokuwemo walikufa, akiwemo mkaguzi wa FAA. Ajali hiyo ilichangia sana kubadilisha umbali unaotakiwa nyuma ya ndege nzito. Uwanja ule ulifungwa mwaka 1974 DFW ilipofunguliwa, na leo eneo lake ni mtaa wa ofisi na maghala uitwao CentrePort.

DFW na George Bush Intercontinental, uwanja mkubwa wa Houston, vyote vimewahi kupokea Airbus A380, na kila siku vina 777 na 787 zinazoondoka kwenda ng'ambo zikiwa zimejaa mafuta. Ndege nzito, iendayo taratibu, ndiyo yenye vimbunga vikali zaidi, na wakati wa kupaa huwa katika hali hiyohiyo. Kwa ujumla utasubiri dakika 2 nyuma ya ndege nzito na dakika 3 nyuma ya A380. Ukianzia katikati ya njia badala ya mwanzo, nyuma ya ndege nzito hudaiwa dakika 3, kwa sababu utapaa ndani kabisa ya hewa aliyoivuruga. Usimsihi mwongoza ndege akupunguzie. Ukiona muda aliokupa hautoshi, omba zaidi. Ni haki yako.

Vimbunga huanzia pale pua ya ndege nzito ilipoinuka. Kumbuka alama pembeni mwa njia mahali ilipoinuka, na panga kuinuka kabla ya hapo kisha ubaki juu ya mstari wake. Vimbunga huzama kwa futi mia kadhaa kila dakika na kusukumwa na upepo. Upepo mdogo wa ubavuni, wa fundo 1 hadi 5, ndio wa kuogopwa, kwa sababu unaweza kukizuia kimoja kisiondoke juu ya njia. Jambo jingine la DFW ni kwamba njia ya ndani na jirani yake ya nje, 17R na 17C kwa mfano, zimeachana kwa futi 1,200 tu. Pungufu ya futi 2,500, kwa vimbunga, huhesabiwa karibu kama njia moja. Ndege nzito iliyopita upande wa pili inakuhusu.

Ukikutana navyo hata hivyo, tumia mikono kwa kiasi. Tarehe 12 Novemba 2001 Airbus A300 ya American Airlines, kampuni yenye makao Fort Worth, iliondoka New York nyuma ya Boeing 747. Ilipoingia kwenye vimbunga rubani msaidizi alikanyaga usukani wa mkia huku na huko kwa nguvu isiyohitajika, mkia ukang'oka, na watu 265 wakafa, watano kati yao wakiwa ardhini. Wachunguzi waliona vimbunga vyenyewe visingeiangusha ndege ile. Sawazisha mabawa kwa upole, acha miguu itulie, endelea kupanda.

Angani: majirani wa Dallas na wa Houston

Mashariki ya DFW, umbali wa maili zisizozidi 12, uko uwanja wa Dallas Love Field, nyumbani kwa kampuni ya ndege ya Southwest. Ndege zake na zako zinagawana anga moja chini ya kituo kimoja cha rada. Ukipewa kimo cha kusimama, tuseme futi 10,000, mara nyingi ni kwa sababu yupo mtu juu yako anayeshuka kwenda huko au kuja DFW. Jeti nyepesi siku ya baridi hupanda kwa kasi inayoweza kukupitisha kimo hicho kabla hujatanabahi. Ukibakiwa na futi 1,000, punguza kasi ya kupanda, na mmoja wenu atamke kimo mlichopewa.

Houston ina sura tofauti. Intercontinental iko kaskazini mwa jiji, na kwa kawaida huondoshea njia za 15L na 15R, kuelekea kusini-mashariki, huku zinazotua zikitumia njia za mashariki-magharibi. Mbele yako kuna katikati ya jiji, halafu Hobby, halafu uwanja wa Ellington, ambako NASA huruka na jeti zake za mafunzo za T-38. Mtu anayedhani ameshatoka kwenye msongamano kwa sababu ameuacha uwanja wake amekosea, kwani anaingia kwenye msongamano wa jirani.

Huko ndiko utakakoulizwa kama unaiona ndege fulani, na ukisema ndiyo, utaambiwa ujitenge nayo kwa macho. Hapo mzigo umehama kutoka rada kuja kwenye macho yako, pamoja na vimbunga vyake. Usiseme unaiona kama unadhani tu. Kule nyumbani, tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka tu uwanja wa Wilson kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama. Mwanafunzi na mwalimu wake kwenye Cessna walikufa. Tarehe 29 Januari 2025 jijini Washington, helikopta ya jeshi iliyokuwa imekubali kujitenga kwa macho usiku iligongana na jeti ya abiria, wakafa watu 67. Jibu la kwamba huioni halimuudhi mwongoza ndege. Linamfanya akutafutie mwelekeo au kimo kingine.

Mtambo wa kuonya mgongano nao usiufanye tegemeo mwanzoni mwa safari. Chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini hautoi amri ya kupanda wala kushuka. Juu ya hapo, ukikupa amri, ifuate hata kama mwongoza ndege amesema kinyume, kisha mwambie.

Mawingu ya jioni

Majira ya mvua za radi mipango yote hubanwa. DFW inakumbuka tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya Delta 191 ilipoangushwa na mporomoko wa hewa ikiwa inatua, na watu 137 wakafa. Mtambo wa kuhisi upepo ukitoa onyo la mporomoko kwenye njia yako, usiondoke, foleni iwe na urefu wowote.

Hata mvua ikiwa mbali, wingu likiziba lango la kutokea la mashariki, waliokuwa watoke huko hupelekwa kaskazini au kusini. Basi ndege ambazo zingeachana kwa kona zote zinafuata mstari mmoja, na nafasi ya maili 3 inageuka kuwa 10, 15 au 20 ili kituo cha rada cha mbele kiweze kuzipokea. Utakaa ardhini saa nzima ukiona anga ya buluu juu yako. Tumia muda huo kusoma upya utaratibu mpya uliopewa, kwani mwelekeo wa kwanza huenda umebadilika, na waambie abiria ukweli. Ukiwa hewani na ukataka kulikwepa wingu, omba kabla ya kugeuka. Upande unaoutaka huenda yupo mtu.

Ukikosea, kwa mfano ukipita kimo au ukachelewa kona, mwambie mwongoza ndege papo hapo ili awaondoe wengine. Ukishatua, jaza taarifa ya siri kwa mfumo wa usalama wa anga unaoendeshwa na NASA tangu 1976. Ijaze ndani ya siku 10: kwa kosa lisilo la makusudi, wala la jinai, FAA kwa kawaida haitoi adhabu kwa aliyewahi kutuma. Andika njia uliyopewa mwanzo, ilibadilishwa lini, kompyuta ilionyesha kituo gani, na nani alikuwa anaongea redioni wakati huo.